Mfuniko wa Dereva

Mfuniko uligoma kufunguka siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, zikiwa zimebaki siku mbili tu watu wakusanyike kukitazama kifaru kidogo cha vita cha baba mkwe wangu.

Niliusukuma kwa kucha. Ukainuka unene wa uzi, ukagonga ukingo wa kichwa cha kifaru, ukarudi chini. Nikausukuma tena. Vilevile. Nikatukana kwa sauti, jambo ambalo wateja wangu wameshalizoea, na mama mmoja aliyekuwa anasubiri nimzibie ndoo akaniuliza kama nimejikata.

"Sijajikata," nikamwambia. "Nimekosea kazi."

Ndivyo nilivyodhani wakati ule.

Mimi ni Mrisho, fundi bati. Kibaraza changu kiko Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, na kazi yangu ni koroboi, majiko na mifereji ya maji ya mvua. Au ndiyo iliyokuwa kazi yangu kabla nchi haijafungua milango na ndoo za plastiki za Dubai kujaa kila duka. Siku hizi ninaziba zaidi kuliko ninavyotengeneza, na muda unaobaki ninaunda vifaru vidogo vya bati. Si vifaru vyovyote tu. Ninaunda vile vilivyochorwa na wahandisi, vikapigiwa hesabu mpaka skrubu ya mwisho, halafu vikaishia kwenye karatasi, havikutoka kiwandani hata kimoja. Michoro yake ninaiokota kwenye magazeti ya zamani yanayouzwa chini, kando ya barabara. Nilikuwa navyo sita, ndani ya kabati la vyombo la mke wangu Sitara, naye alishachoka kulalamika.

Watu huniuliza kwa nini nahangaika na vitu ambavyo havikuwepo. Nawajibu kwa mkato, kwa sababu swali lenyewe linaniudhi. Nilikuwa fundi wa vifaru jeshini, vita vya Kagera. Vile vilivyoundwa kweli nimevifungua na kuvipaka grisi, na mara mbili nimepewa ndoo na brashi nisafishe ndani yake vitu ambavyo sitavitaja hapa. Vya kabatini kwangu havijaua mtu. Ndiyo sababu yangu, sina nyingine.

Cha saba kilikuwa cha nyumbani. Kilichorwa hapahapa Dar mwaka 1980, kwenye karakana moja ya umma, na mchoraji wake alikuwa baba yake Sitara, Mzee Abdulmalik. Kilikuwa kifaru chepesi cha kukaa juu ya minyororo ya katapila. Mzee alikichora mwaka mzima, kisha kikafa kwenye kikao kimoja cha nusu saa. Dereva wa majaribio, mtu anayeitwa Bakili, alisimama mbele ya wakubwa akasema, "Mimi siingii humo." Hakutoa sababu. Wakubwa, ambao tayari walikuwa wanatafuta pa kubania matumizi, wakafunga faili.

Tangu siku hiyo baba mkwe hakuwahi kuitikia salamu ya Bakili. Wote wawili wanakaa Magomeni, wanasali msikiti mmoja, na kwa miaka kumi na mitatu salamu ya Bakili ilikuwa inaanguka chini kila Ijumaa watu wakisikia. Mtaa ukashika upande wa mzee. Bakili akapewa jina, Siingii, na watoto waliozaliwa baada ya kikao kile wakakua wakimwita hivyo bila kujua lilikotoka.

Mwaka ninaousimulia, 1993, karakana ikauzwa na makaratasi yake yakatolewa kwa kilo. Bwana Ghanshyam, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mtaa wa Mkunguni, alichukua mafungu kadhaa ya kufungia misumari. Mimi nilinunua misumari nusu kilo, nikafungua nyumbani, nikakutana na mwandiko wa baba mkwe: ile saba yake yenye mkato katikati. Nilirudi dukani mbio, kandambili moja mkononi. Ghanshyam aliniachia stoo yake siku mbili nichambue, na hakutaka hata senti.

"Mimi nataka kuona mwisho wake tu," aliniambia. "Ukimaliza, niite."

Mzee alipoziona karatasi zake alilia kama mtoto. Kisha akafuta macho, akatoa amri. Nikiunde, kwa kipimo cha moja kwa kumi, kama kilivyochorwa, nisiongeze wala nisipunguze. Kikikamilika ataita watu nyumbani kwake, na Bakili ataitwa kwa barua, aje akione alichokiua na aombe radhi mbele ya wote. Siku ikawekwa: Jumamosi, baada ya sala ya alasiri.

Sasa ilikuwa Alhamisi, na mfuniko wa dereva, yaani mlango wake wa juu wa kuingilia na kutokea, haufunguki.

Nilimzibia yule mama ndoo yake vibaya, nikamwondoa, nikakaa kupima. Mwili wa kifaru ulikuwa sawa na karatasi. Mfuniko ulikuwa sawa. Nikashuku kichwa, yaani ile sehemu ya juu inayozunguka na kubeba mzinga. Nikakata bati jipya, nikaunda kichwa kingine tangu mwanzo, nikakiweka saa tisa alasiri, sijala kitu. Mfuniko ukainuka unene wa uzi, ukagonga, ukarudi.

Hapo ndipo nilipozitandika karatasi zote sakafuni. Karatasi ya mwili ilikuwa ya milimita. Karatasi ya nne, ya kichwa, ilikuwa ya inchi, kwa sababu kichwa kilikuwa kikae juu ya pete iliyong'olewa kwenye kreni ya Kimarekani. Inchi sabini na mbili. Nami nilikuwa nimefuata kila karatasi kwa kipimo chake, kwa rula yangu ya chuma yenye pande mbili. Pembeni kabisa, kwa penseli, mzee alikuwa ameandika: inchi 72, milimita 1800.

Mafundi wa umri ule walilelewa kwa inchi. Serikali ilipoleta milimita, kila karakana ilijitafutia njia ya mkato: inchi moja, milimita ishirini na tano, basi, kazi iendelee. Hata mimi nilifundishwa hivyo, na kwenye ndoo haina neno. Nilikunja ile karatasi nikaenda kwa Ghanshyam, nikamwomba kikokotoo chake.

"Si ishirini na tano," akasema, akibonyeza. "Ishirini na tano nukta nne. Mara sabini na mbili... elfu moja mia nane ishirini na nane." Akaninyanyulia macho. "Lakini fundi, hata mimi nauza bomba kwa ishirini na tano. Mji mzima unauza hivyo."

"Bomba halina mtu ndani," nikamwambia, kwa ukali ambao hakustahili.

Pete ilikuwa pana kuliko mzee alivyodhani, karibu milimita thelathini. Nusu ya tofauti hiyo ilikuwa inaangukia upande wa dereva, na pale mzee alikuwa ameacha nafasi ya milimita tano tu. Maana yake ni kwamba kichwa kikishawekwa, ukingo wake unaulalia mfuniko. Dereva anafungiwa ndani. Kifaru kikishika moto, anasukuma mfuniko mpaka anakufa. Mimi najua mikono ya mtu aliyekufa hivyo inavyokuwa, kwa sababu ya ile ndoo na brashi. Nilikaa kwenye gunia la saruji la Ghanshyam, na yule bwana akaniletea maji bila kuuliza kitu.

Jioni nilimweleza Sitara. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua mchele, kisha akausukuma ungo pembeni.

"Ni kiasi gani hapa kwenye hiki kidogo?"

"Milimita moja. Haifiki."

"Basi chukua tupa, ukikwangue."

"Sitara."

"Milimita moja, Mrisho! Baba ana miaka sabini na mbili. Ameshawaalika watu, ameshonesha kanzu. Unataka kumvua nguo mbele ya mtaa mzima kwa milimita moja?"

"Na Bakili je?"

"Bakili ameshazoea," akasema, na papo hapo nikaona kwamba neno lile limemuumiza mwenyewe. Akaurudia mchele wake.

Kumwambia mzee mwenyewe kwa mdomo halikuwa jambo la kufikirika. Yule ni mkwe wangu. Ilinichukua miaka mitatu ya ndoa kuweza kula naye sinia moja, na mpaka leo akiingia nasimama. Mkwe haambiwi umekosea. Unaweza kumsaidia kubeba mzigo, unaweza kumkalia kitandani akiugua, lakini neno hilo halitoki.

Nilichukua tupa. Sitaficha. Niliiweka kwenye ukingo wa kichwa, nikaivuta mara moja. Vumbi la bati likaanguka mezani. Nikaitazama ile alama inavyong'aa, nikajiona mwizi, nikaiweka tupa chini.

Ijumaa, baada ya sala, nilikwenda Mchikichini. Bakili anauza viatu vya mitumba kule, upande wa nyuma, chini ya turubai. Ni mtu mpana mwenye vidole vinene, na siku ile alikuwa ameingiza mkono mzima ndani ya buti moja, analipaka dawa.

"Shikamoo, mzee Bakili."

"Marahaba, mkwe wa watu. Umekuja kupima kiatu au kunipima mimi?" Akacheka peke yake. "Barua nimeipata. Mwambie nitakuja."

"Nataka kujua kwa nini ulikataa kuingia."

Aliacha kupaka dawa.

"Umekimaliza?"

"Karibu."

"Mfuniko wa dereva unafunguka?"

Nikaviangalia viatu vya mitumba, naye akatikisa kichwa taratibu. Akanisogezea kigoda.

"Tuliunda cha mbao kwanza," akasema. "Mwili wa mbao, lakini kichwa tukakiweka juu ya pete yenyewe ya kreni. Nikaingia, nikajifungia, wakashusha kichwa. Maliki, huyo mkweo, akasema, haya, fungua utoke. Nikasukuma kwa mikono, mfuniko ukagoma. Nikasukuma kwa kichwa. Nikasukuma kwa mgongo. Kule ndani giza, na watu nje wanacheka, wanadhani nafanya mzaha. Mpaka walipokiinua kwa winchi nilikuwa nimejikojolea, fundi. Mtu mzima."

"Yeye alisemaje?"

"Alisema mbao zimevimba. Ilikuwa Aprili kama hivi, mvua usiku na mchana. Mbao zimevimba, akasema, cha chuma hakitavimba. Nikamwambia Maliki, pima tena. Akasema ameshapima."

"Mbona kikaoni hukuyasema haya?"

"Nilimtazama nikasubiri ayaseme yeye. Ningeyasema mimi, angefukuzwa palepale, na alikuwa na watoto watano nyumbani, mkeo mmojawapo. Nikasema siingii, nikakaa. Nilijua kesho yake atakuja mlangoni kwangu, tuzungumze wenyewe wawili." Alilitia tena buti mkono. "Nikangoja. Baadaye hata ningesema, nani angemsikiliza Siingii?"

Nilimuuliza kesho itakuwaje.

"Kesho itakuwa utakavyokiunda wewe," akasema.

Nilirudi Kariakoo kwa miguu. Nilikuwa na hasira na mzee, hasira na Bakili kwa ukimya wake, hasira na mimi mwenyewe kwa ile tupa. Lakini jambo moja lilinikaa kichwani njia nzima. Kifaru hiki kilistahili kuingia kabatini kwangu pamoja na vile sita, kwa sababu nacho hakikuua mtu, na hakikuua mtu kwa sababu ya yule muuza viatu.

Jumamosi mvua ilianza tangu alfajiri. Nilikifunga kifaru kwenye nailoni, nikakiweka ndani ya boksi la mafuta ya kula, nikajitwika kichwani. Jangwani maji yalikuwa yameshapanda barabarani, yananifika katikati ya muundi, na vijana walikuwa wanavusha watu kwa mikokoteni. Nilivuka mwenyewe, hatua kwa hatua, nikihesabu. Ningeteleza pale, shida yangu yote ingekwenda na maji hadi baharini, na nakiri kwamba wazo hilo lilinipitia.

Nilifika saa nane, kabla ya wageni kwa makusudi. Mzee Abdulmalik alikuwa sebuleni amevaa kanzu mpya, kofia mkononi. Nilimwamkia, nikaweka boksi mezani, nikafungua. Kisha akaanza kukigusa kwa ncha za vidole, akitaja kila sehemu kwa jina kama anaita watoto wake: minyororo, magurudumu, mzinga, kichwa.

"Baba," nikasema, macho chini, "kabla watu hawajaja, nilitaka wa kwanza kukifungua uwe wewe. Anza na mlango wa dereva."

Hilo ndilo nililoweza kusema. Nililifanyia mazoezi njia nzima.

Akaweka ukucha. Mfuniko ukainuka unene wa uzi, ukagonga, ukarudi. Akajaribu tena. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya paa kwa nguvu, na sikusikia pumzi yake wala yangu.

"Umefuata karatasi?"

"Nimefuata, baba. Kila karatasi kwa kipimo chake."

"Ya nne ni inchi."

"Ndiyo, baba."

Akaniomba miwani. Akaniomba karatasi ya nne. Akaisoma kwa kidole mpaka pembeni, pale penye penseli, na kidole kikasimama hapo. Mimi nilikuwa nahesabu matone yaliyokuwa yanavuja kwenye kona ya sebule.

"Una tupa?"

Ilikuwa ndani ya mkoba wangu, haitoki humo. Nikampa, kwa mikono miwili.

"Nenda barazani ukawapokee wageni," akasema. "Funga mlango."

Nilisimama barazani nikiwa nimelowa, nikawapokea watu. Nilitega sikio kuelekea mlangoni kwa roho yangu yote, nisikie kama bati linakwanguliwa, lakini ile mvua haikuacha kitu kisikike. Sitara alipita na sinia la kahawa akanitazama usoni. Walikuja majirani, wakaja wazee wawili wa karakana ya zamani. Ghanshyam akaja na mwavuli, viatu mkononi, suruali imekunjwa mpaka magotini. Bakili alikuja mwisho kabisa, shati limepigwa pasi. Watu wakampisha kwa namna ile ya kumpisha mtu mwenye ugonjwa.

Tuliingia. Kifaru kilikuwa mezani kimefunikwa kanga. Mzee alikaa nyuma yake, mikono mapajani, na katikati ya mikono yake ilikuwepo tupa yangu.

"Assalaam alaykum," akasema Bakili kutoka mlangoni.

Sebule nzima ikaitikia, isipokuwa mzee mwenyewe. Jirani mmoja nyuma yangu akaguna kwa kuridhika.

Mzee aliivuta ile kanga. Watu wakasema mashaallah, wakasogea, na Ghanshyam akapiga kofi moja dogo la furaha. Mzee hakuwatazama.

"Bakili," akasema, na lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu 1980. "Njoo ukae hapa. Fungua mlango wa dereva."

Bakili akakaa. Alinitupia jicho, nami nikalikwepa, kwa sababu sikujua, wallahi sikujua kilichofanyika nyuma ya ule mlango. Nilijaribu kuitazama tupa kama ina vumbi jipya. Mikono ya mzee ilikuwa imeifunika. Bakili akanyoosha kidole chake kinene, akaweka ukucha chini ya mfuniko, akausukuma.

Ukainuka unene wa uzi. Ukagonga. Ukarudi chini.

"Fundi kakosea!" mtu akacheka. "Mrisho, umeharibu kazi ya mzee!"

Bakili hakucheka. Alikuwa anamtazama mzee, na watu wote wakiwa kimya, wamemsogelea, wanamsikiliza, jambo ambalo hakulipata kwa miaka kumi na mitatu. Neno moja tu lingetosha. Akainama mbele, akasema kwa sauti ya chini, ya upole kabisa:

"Labda bati limevimba, Maliki. Mvua hizi."

Mzee Abdulmalik aliiweka tupa mezani. Ilikuwa safi, haina hata chembe ya vumbi.

"Bati halivimbi, Bakili," akasema. "Na zile mbao hazikuvimba."

Akawageukia watu, akawaeleza. Inchi, milimita, pete ya kreni, mvua ya Aprili, mtu aliyefungiwa gizani wenzake wakicheka, na kikao ambacho yeye alikaa akanyamaza. Aliyasema yote kwa mpangilio, kama anasoma mchoro, na hakujibakishia kitu. Sitara alisimama mlangoni na sinia lake, machozi yanamtiririka, asiyafute.

Alipomaliza alimgeukia Bakili tena.

"Wa alaykumu salaam," akasema. "Wa rahmatullahi wa barakatuh."

Kidole cha Bakili kilikuwa bado juu ya mfuniko, na mzee akaweka mkono wake juu ya mkono ule. Mimi nililia mbele ya wakwe zangu, na sikuona haya.